Mpishi Mkuu wa Tungule za Mikebe

Mtu mwerevu hahitaji macho manne. Humtosha masikio mawili na mahali pazuri pa kukaa. Nzai alikuwa na vyote asubuhi ile, maana alikuwa amekalia mfuko wa saruji mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Mama Pascalia, huko Kiembeni, akijisugua goti kana kwamba ndilo linalomuuma. Kilichokuwa kikimuuma hasa ni mabati. Yalikuwa yameegemezwa ukutani, mapya, yanang'aa, na Nzai aliyatazama kama mtoto atazamavyo halua ya wenyewe.

Ndani ya duka Mama Pascalia alikuwa kwenye simu na binti yake, aliyeposwa na Mtaliano. Mama huyu alitoka bara zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Jumamosi hii, Phoebe? Hii hii? Na mama yake Marko anakuja pia, kabla ya harusi?" Akasikiliza. "Sasa hao Wataliano mimi nitawapikia nini? Spageti? Spageti na nini? Nyanya? Aki Phoebe, mtu atoke Watamu mpaka kwangu aje ale nyanya?"

Nzai akaliacha goti lake.

Hapa yafaa tuseme ukweli kidogo kuhusu mabati, maana Nzai mwenyewe hakuwa na desturi hiyo. Miezi miwili nyuma alikuwa nayo ishirini, ya halali, jambo lililomshangaza hata yeye. Alimnunulia mamake aliyeko Kaloleni, ambaye paa lake la makuti lilikuwa limebaki mbavu. Lakini kabla hajayapeleka alikutana na Tinga wa Changamwe, mtu mwenye sauti ya shemasi, akasimuliwa habari za vyakula vya Ulaya vilivyoteleza kutoka bandarini. Mikebe mia mbili, mikubwa. "Usiulize vilikotoka, ndugu yangu," Tinga alisema, "uliza viendako." Na Nzai, huyu huyu aliyewahi kumuuzia mwalimu mstaafu kiwanja ambacho kilikuwa barabara, akatoa mabati akachukua mikebe. Alipofungua mmoja alikuta tungule, ndizo nyanya za watu wa bara. Tungule nzima nzima, zimemenywa, zimelala kwenye maji yake.

Nani Kisauni atanunua tungule ya mkebe? Kila pembe yuko mama na beseni lake la tungule mbichi. Kile kimkebe kidogo cha nyanya nzito cha kutia mchuzi rangi watu wanakijua, lakini tungule nzima iliyofungiwa ndani ya bati waliiona kama maiti. Alizitembeza mpaka viatu vikaisha. Mwishowe akaipanga ile mikebe chumbani, akatandika godoro juu yake, akalala.

Na kila Jumapili mamake alipiga simu. "Nzai mwanangu, mabati yafika lini? Mvua ya mwaka i karibu, nami nalala na sufuria kifuani." Hilo lilimchoma kweli. Nzai aliweza kumdanganya mtu yeyote mchana na usiku akakoroma, ila sauti ya mamake ilimnyima usingizi.

Basi akainuka kwenye saruji, akajipangusa suruali, akaingia dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe umekalia saruji yangu tangu saa mbili. Unataka nini?"

"Niwie radhi, mama yangu, nimesikia bila kutaka kusikia. Wageni wa Kitaliano ni mzigo mzito. Mimi nimekuwa mpishi mkuu kwa Wataliano Watamu, miaka saba." Watamu alifika mara moja tu, mazikoni, akarudi siku iyo hiyo.

"Kwa hivyo unajua Kiitaliano?"

"Chao," alisema Nzai kwa uzito. "Bene. Spageti."

Mama Pascalia, ambaye alijua neno la kwanza na la mwisho, akaridhika. "Sasa si ni nyanya tu? Nitaenda soko ya Kongowea nichukue debe moja."

Nzai alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Tungule mbichi? Mbele ya mamake bwana harusi? Wallahi, mama, nakusihi." Nzai amebatizwa, tena mara mbili, katika makanisa mawili yaliyokuwa yakigawa blanketi, lakini ikija zamu ya kuapa hupendelea wallahi, maana sokoni ina uzito zaidi. "Mtaliano akionja tungule mbichi hasemi kitu. Ananyamaza. Halafu harusi haiwi, na hakuna atakayekwambia kwa nini. Kwao rojo latoka mkebeni. Tungule yaachwa iive kwenye mti wake mpaka yataka kuanguka, yachumwa, yamenywa, yafungwa siku ile ile. Hizi zetu zachumwa zi kijani huko Taveta, zaja kuivia kwenye lori kwa mitikisiko. Ladha itoke wapi?"

Alikuwa akitunga neno baada ya neno. Na hapo ndipo palipokuwa na msiba wa mwongo huyu: kila alilolisema lilikuwa kweli, naye hakujua.

"Na mimi hiyo mikebe nitaitoa wapi?"

Nzai akashusha pumzi, kama mtu aliyebanwa atoe kitu cha moyoni. "Ninayo michache. Mia mbili. Nilikuwa nawawekea watu wa hoteli."

Mama Pascalia akatazama juu. Kwanza aliiona meza yake ya Jumamosi. Kisha, kwa kuwa hakuzaliwa jana, aliwaona Wataliano wote kuanzia Mtwapa hadi Malindi wamepanga foleni mbele ya duka lake, naye yuko nyuma ya kaunta akiwauzia tungule za kwao kwa bei anayoitaka yeye. Uso wake ukalainika.

"Nachukua yote. Usiuzie mtu mwingine hata mmoja. Unataka nini?"

"Pesa zimeleta ugomvi mwingi duniani, mama. Nipe mabati ishirini tu."

"Sawa. Lakini Jumamosi utakuja kupika mwenyewe. Wageni wakifurahi, mabati yatakuwa yanakungoja kwa geti. Wakikunja uso, mikebe inabaki kwangu na wewe unaenda na mguu wako mbaya."

Nzai alikubali, wakapeana mikono. Alifika nusu ya njia ndipo alipokumbuka kwamba kitu pekee alichowahi kupika ni chai, na hata hiyo majirani walilalamika.

Jirani mmojawapo alikuwa Kanze. Chumba chake na cha Nzai vilitenganishwa na mbao nyembamba, na kwa sababu hiyo Kanze alizijua siri zote za Nzai, zikiwemo zile za simu za mamake kila Jumapili. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hana maneno mengi, alikaanga viazi karai kando ya barabara chini ya mwavuli uliotoboka. Lakini kabla ya viazi alikaa miaka mitano kwenye jiko la Mtaliano huko Malindi, mpaka mzee akafa na nyumba ikauzwa, na Kiitaliano alikizungumza kama Kigiriama chake.

"Kanze, dadangu, nina kazi ya heshima."

"Ya heshima, au yako?"

Nzai akacheka, kisha akaeleza. Kanze apike, yeye avae aproni nyeupe. Mbele za watu Kanze awe msaidizi wa kuosha vyombo. Mabati yakitoka, nusu kwa nusu: kumi kwake Nzai, kumi kwa Kanze, ajijengee kibanda cha viazi aachane na mwavuli.

"Kumi?"

"Kumi. Nikikudhulumu nisilione jua."

"Utaliona tu. Hilo jua lina uvumilivu."

Kanze akafungua mkebe mmoja kwa kisu, akatia kidole, akaonja. Akafumba macho. "Nzai, wajua una nini humu?"

"Takataka za Tinga."

"Haya," alisema Kanze, asiongeze neno.

Jumamosi saa tatu walikuwa jikoni kwa Mama Pascalia. Mwenye nyumba alikuwa ameipanga mikebe yote sebuleni, mmoja juu ya mwingine, mpaka karibu na picha ya harusi yake, ili wageni waione wakiingia. Nzai alisimama katikati ya jiko na aproni yake, mikono nyuma, mfano wa mwalimu wa zamu. Kanze akafanya kazi.

Alikata vitunguu vidogo vidogo, akavilainisha kwenye mafuta ya zeituni pamoja na kitunguu thomu, moto mdogo. Akatia kijiko cha ile nyanya nzito ya kimkebe, akaikaanga mpaka ikageuka rangi ya tofali, maana isipokaangwa huacha ladha ya bati. Kisha tungule za mkebe akazivunja kwa mkono, moja moja, zikaingia sufuriani na maji yake. Akatumbukiza karoti nzima iliyomenywa ili imeze ukali, aje aitoe baadaye. Akafunika nusu, akaacha.

Mama Pascalia aliingia kila baada ya dakika kumi. "Mbona haina nyama?" "Mbona mnapika saa nzima na nyanya ni nyanya?" Mara ya tatu aliingia na kijiko cha bizari ya mchuzi, na Kanze akamshika mkono kwa adabu lakini kwa nguvu. Mara ya nne alikuta mrehani unaingia sufuriani.

"Hayo si ni yale majani wanawake wa huku wanaweka kwa nywele?"

"Wataliano nao huyaweka, mama," alisema Nzai. "Ila kwanza huyapika."

Rojo lilipokuwa tayari, zito, jekundu la kukolea, Nzai alijichotea kwa kijiko. Hakuwahi kulionja. Aliduwaa. Alitazama sufuria, akatazama mkebe mtupu kwenye sinki, akachota tena. Miezi miwili alikuwa amelala juu ya kitu hiki. Bila kujua amepunjwa na nani, alijiona amepunjwa.

Wageni wakaja saa sita: Phoebe na Marko wake, na nyuma yao mamake Marko, Sinyora Loredana, mama mrefu wa Watamu mwenye miwani mikubwa na uso wa mtu aliyekwisha kula vibaya sana nchi nyingi. "Chao! Bene! Spageti!" alisema Nzai kwa furaha, na kabla hajajibiwa akarudi jikoni mbio.

Sebuleni vyakula vikaandaliwa. Jikoni Kanze akainamia masufuria. Nzai alitoka mlango wa nyuma, akasimama chini ya dirisha, akapiga simu.

"Baya? Leta pikapu saa nane. Twabeba yote ishirini. Ni kule kule nilikokwambia." Akasikiliza. "Kumi gani? Yule mwanamke? Mwache aoshe masufuria, akimaliza sisi tuko Mazeras."

Dirisha lilikuwa wazi. Kanze alilisuuza sufuria alilokuwa nalo, akaliinamisha likauke, akachukua jingine. Hakubadilika uso. Ila mkono uliokuwa ukisugua ulisugua pale pale kwa muda mrefu.

Nzai alikuwa amerudi tu ndani waliposikia kiti kikianguka sebuleni. Kisha sauti ya mwanamke ikipiga ukelele. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Sinyora Loredana akaingia jikoni, mkebe mmoja mkononi, machozi yakimtiririka chini ya miwani. Alisema maneno mengi kwa mpigo. Akaupiga mkebe kifuani mwake, mara mbili. Akamnyooshea Nzai kidole, akaitazama ile aproni, akalia zaidi.

"Yuwasemaje?" Nzai alinong'ona, tabasamu likiwa limemgandia usoni.

Kanze akajipangusa mikono taratibu. Akavaa uso wa msibani.

"Asema mikebe ni yake."

"Yake vipi?"

"Lilikuwa kontena lake. Lilipotea bandarini mwaka jana. Asema chapa ni hii hii. Alia kwa kuwa alishakata tamaa ya kumwona mwizi wake."

Nzai aliisikia sauti ya Tinga, ile ya shemasi: usiulize vilikotoka. Akarudi nyuma hatua moja. Sinyora akauweka mkebe mezani, akafungua mikono yake miwili mirefu, akamjia.

"Na sasa ataka nini?"

"Ataka kukushika mwenyewe mpaka polisi wafike."

Goti bovu la Nzai likapona hapo hapo. Aliruka ndoo, akaruka kizingiti, akalikanyaga banda la kuku likapiga kelele zake zote, akaudaka ukuta wa nyuma. Juu ya ukuta palikuwa na vigae vya chupa. Aproni ikanasa, akaiacha. Wahenga walituambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kuhusu mbio za ukutani hawakusema lolote, na Nzai alikuwa ng'ambo kabla hajapata nafasi ya kuwauliza.

Sinyora alibaki na mikono wazi. Alichokuwa amekisema, kwa wale wasiojua Kiitaliano, ni hiki: kwamba tangu amzike mamake hajawahi kulamba rojo kama hili, kwamba miaka tisa hapa pwani wapishi wamemtesa kwa tungule ngumu zenye moyo mweupe, na kila akiwaambia tumieni za mkebe wanamwona mvivu, kwamba anataka kumkumbatia aliyepika, na kumpa jiko lake la Watamu alisimamie, na chumba cha kulala, na likizo.

"Aliyepika ni mimi," alisema Kanze kwa Kiitaliano.

"Na yule aliyeruka?"

"Muosha masufuria. Ana haya sana."

Kanze akakumbatiwa mpaka mbavu zikalia. Akaburutwa sebuleni, akaketishwa mezani, na Phoebe akatafsiri yote kwa mamake, neno kwa neno, kwa kweli kabisa. Mama Pascalia alisikiliza hadi sinyora alipofika kwenye mikebe. Hapo akakaa vizuri; alikuwa na bei yake tayari ulimini. Lakini sinyora aliitazama ile mikebe iliyopangwa hadi kwenye picha ya harusi, akashika kifua, akambusu Mama Pascalia shavu la kulia na la kushoto.

"Anasema," Phoebe alitafsiri huku akipangusa machozi, "hajawahi kupewa zawadi kubwa hivi na mkwe."

Mama Pascalia alifungua mdomo. Alimtazama binti yake, akamtazama Marko, akaufunga. "Mwambie karibu," alisema kwa sauti ndogo, pengine ndogo kuliko zote alizowahi kutoa, na siku hiyo hata simu isingeisikia.

"Na anauliza kama mpishi ameshalipwa vizuri."

"Ameshalipwa," alisema Mama Pascalia, akiwa kama anang'olewa jino. "Mabati yake yako kwa geti."

Saa nane Baya alifika na pikapu, akamkuta Kanze amekaa juu ya mabati.

"Nzai yuko wapi?"

"Ametangulia kwa miguu. Alikwambia mzigo waenda wapi?"

"Kaloleni, kwa mamake. Paa lile lavuja sana."

Kanze alishuka juu ya mabati. Alikuwa amekwisha kuyapangia mabati yale mnunuzi, yote ishirini, na hasira yake ilikuwa ya haki. Alidhani Nzai angeyauza. Sasa alimkumbuka yule mama wa Jumapili nyuma ya mbao, na sufuria yake kifuani, na hasira ikabaki kwa mwana peke yake. Kibanda yeye hakukihitaji tena, maana jiko la Watamu lilikuwa lake. Akapanda mbele, akafunga mlango.

"Twende basi huko huko."

Nzai alivuka feri jioni hiyo hiyo na kofia imemfika puani, akajificha Likoni kwa binamu yake. Laini ya simu aliitupa, kama afanyavyo kila kazi ikimalizika, vizuri au vibaya. Kwa wiki tatu hakutoka nje ila kwa haja. Kila gari likisimama alimwona sinyora akishuka na mikono wazi. Wiki ya nne, mawingu yakiwa yamelala chini, moyo ukamshinda, akaomba simu ya binamu yake.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, Nzai."

"Marahaba, marahaba! U hai? Nimepiga namba yako mpaka kidole chafa ganzi. Nzai, nimeezekwa!"

"Umeezekwa na nani?"

"Mabati ishirini, mwanangu, mapya! Kaniletea msichana, aitwa Kanze. Kaja na gari, kalala hapa siku mbili kamshikia fundi ngazi, hata nauli hakutaka. Nikamwuliza, ni Nzai amekutuma? Kacheka mpaka kaketi chini." Mamake akashusha pumzi. "Mtu baki, Nzai. Nami nina mtoto wa kuzaa."

Nzai akakaa kitandani kwa binamu yake. Maneno yote aliyowahi kuwauzia watu yalikuwa karibu, laini, yamejipanga. Hakuyataka. Maishani mwake mwote hakuwahi kuwa na ukweli aliotamani hivi uaminiwe.

"Mama," alisema, "nisikilize. Hayo mabati ni mimi niliyeyatafuta. Yalikuwa yako tangu mwanzo. Ni yangu, mama."

Huko Kaloleni kitu kikaanza kunguruma, kwanza kwa mbali, kisha simu nzima ikajaa.

"Wasemaje?"

"Mabati ni yangu!"

"Sikusikii, mwanangu! Mvua! Yapiga mabati ya Kanze! Ngoja niite jirani aje asikie!"

Hakuikata simu. Aliiweka mahali akatoka, akiita watu kwa majina, na Nzai akabaki Likoni akisikiliza mvua juu ya lile paa, mpaka salio la binamu yake likaisha.